Kuua Makali

Zilitoka kwenye robota la makoti, pale Karume:
mbao mbili zinazonizidi kimo, ncha zimepinda juu
kama mkia wa nge,
na kila ubao, huku na huku, una ukingo wa chuma
mwembamba kuliko njiti ya kiberiti.
Shemahonge, mwenye robota, akasema ni za kutelezea theluji.
Theluji mimi naijua ya kwenye friji,
ile tunayoibandua kwa kisu.
Nikampa elfu saba. Mbao sikuzitaka.
Nilitaka kifuko kilichofungwa kwa mpira katikati yake:
tupa tatu, fupi kama kidole,
nyeusi, nyekundu, kijani,
nyuso zake zikimeremeta kama chumvi iliyomwagika.

Almasi.
Baba alichimba Mwadui miaka kumi na tisa.
Kila jioni walimpekua getini, mpaka kisigino, mpaka chini ya ulimi,
akarudi nyumbani na vumbi la bure.
Leo ninayo kiganjani, imesagwa, imegandishwa kwenye bati,
na natembea nayo Gerezani yote
hakuna aliyeniambia panua mdomo.

Wiki nzima wateja wangu wa mapanga walisubiri.
Nilianza vibaya: nilishika tupa yangu ya siku zote.
Ilipofika pale ukingo ulipogongwa
na mawe ya nchi nisiyoijua,
ikateleza, ikalia.
Chuma kilichopigwa huwa sugu, hakiambiliki.
Hapo ndipo pa ile nyeusi. Punje zake ni kubwa,
inatafuna kovu, na kovu tu;
ukiizoea utamaliza chuma chote.

Nikachonga kabari ya mninga,
pembe mraba kasoro nyuzi mbili,
tupa ikaegemea humo isiyumbe kama mkono wangu unavyoyumba.
Maji matone matatu. Mswaki mkuukuu wa kufagia tope la chuma.
Usikandamize.
Hili nimelilipia: nilikandamiza siku ya kwanza,
punje zikang'oka, nikabaki nasugua bati kwa bati.
Nyekundu inatembea mwendo mrefu, kichwa hadi mkia,
mpaka mkwaruzo unageuka mnong'ono.
Kijani ni ya kukata kile kinywele
usichokiona kwa jicho, ila pamba ikipita kinainasa.
Kisha pitisha ukucha juu ya ukingo.
Ukiacha unga mweupe, weka chini. Inatosha.

Umeme ulikatika siku mbili mtaa mzima.
Niliambiwa na muuza juisi.

Halafu akaja Bi Sikudhani wa Mtaa wa Kongo
kufuata mkasi wake. Mkasi hakuutazama.
"Ubao ule," akasema, "niuvike blanketi,
nipigie pasi mikono ya mashati."
"Una makali, Bibi. Utakukatia vitambaa."
"Yaue."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akahesabu noti.
Miaka yote hii watu wananilipa niyalete.
Nikaichukua nyeusi, bila kabari, bila maji,
nikailaza kwenye ukingo nyuzi arobaini na tano,
nikafumba macho kama daktari asiyetakiwa kufumba.
Mara tatu tu. Ukucha ukapita mtupu.
Kazi ya siku tano.

Wa pili umebaki kwenye msumari, juu ya jiwe la kunolea.
Hewa yetu ina chumvi, kutu haina likizo;
Ijumaa asubuhi naipitishia kijani, taratibu,
na watoto wa shule wakiniuliza unakata nini
nawaambia waniache nifanye kazi.

Jana Bi Sikudhani alimtuma binti na shati langu la Idi.
Mkono umekunjwa kwa pasi, mstari mmoja
kutoka begani hadi kifungo cha mwisho,
umesimama wima.
Nikalitandika mezani.
Nikapitisha ukucha.